TAA ZICHEZE, NIDHAMU ISILALE

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, usiku wa pwani yetu ya Tanganyika huwa na taa za namna mbili. Ziko zile za wavuvi wa ndagala, zinazotandaa majini toka Kabezi na Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac, mithili ya mji uliojengwa juu ya ziwa. Na ziko zile za nchi kavu, ambazo watu wenye uwezo huzitundika milangoni na madirishani kwa ajili ya sikukuu ya Noeli. Za kwanza ni kazi. Za pili ni furaha. Leo tunapenda kuzungumza juu ya hizi za pili, kwa kuwa askari wengi vijana, wa jeshi na wa polisi, wameona katika simu zao nyumba za ng'ambo ambazo taa zake hucheza kwa kufuata muziki, nao wanauliza kama jambo hilo laweza kufanywa hapa kwetu.

Jibu letu ni kwamba laweza. Tena laweza kufanywa kwa gharama ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Lakini ni wajibu wetu kuongeza maneno matatu: lianze dogo, liwe la halali, na lisimdhuru jirani. Asiyeweza kuyatimiza hayo matatu ni heri awashe mshumaa mmoja mezani, ale na watoto wake kwa amani.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo, na kwamba askari ana mambo makubwa zaidi ya kufikiri. Hatukubaliani nao. Askari ni mzazi pia. Mara nyingi siku ya Noeli humkuta zamuni, kizuizini barabarani, mpakani au ng'ambo. Toka mwaka 2007 hadi mwaka 2024 vikosi vya Burundi vilikuwa Somalia katika ujumbe wa Umoja wa Afrika, na katika miaka hiyo nyumba nyingi za askari wetu zilifanya Noeli bila baba, na nyingine bila mama. Mtu anayekaa mbali na watoto wake kwa ajili ya taifa ana haki ya kuwaachia kitu cha kuwafurahisha. Aidha, wapo kati yetu wanaokumbuka miaka ya vita vilivyoanza mwaka 1993, ambapo mtu alizima taa jioni na mapema ili nyumba yake isionekane. Nchi ambayo raia wake wanaweza kuwasha taa nje bila hofu ni nchi iliyopata kitu kikubwa, na kukilinda kitu hicho ndiyo kazi yetu.

Taa za Noeli za umeme si jambo la jana. Mwaka 1882, mjini New York, bwana mmoja aliyeitwa Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliupamba mti wake kwa taa 80 nyekundu, nyeupe na buluu, na mti huo ukawa unazunguka huku taa zikiwaka na kuzima. Kwa hiyo toka siku ya kwanza taa hizo zilikuwa za kucheza. Lililobaki lilikuwa kuzifundisha kusikia muziki. Jambo hilo lilijulikana duniani kote kwa sababu ya Carson Williams, mkazi wa mji wa Mason katika jimbo la Ohio, Marekani, aliyewasha taa 16,000 nyumbani kwake mwaka 2004, zikafuata muziki bila kukosea. Ili asiwasumbue majirani hakuweka vipaza sauti vikubwa. Muziki ulirushwa kwa mawimbi hafifu ya redio, na mtazamaji akausikiliza ndani ya gari lake.

Hata hivyo, historia ya Bwana Williams ina sehemu ya pili, ambayo kila polisi anapaswa kuijua. Mwezi Desemba mwaka 2005 magari ya watazamaji yalijaa mtaani kwake kiasi kwamba ajali ilipotokea, polisi walishindwa kufika. Williams alizima maonyesho yake. Hakusubiri kushtakiwa wala kuamriwa na mahakama. Twamsifu kwa taa zake, lakini twamsifu zaidi kwa kuzizima.

Sasa na tueleze jinsi taa hizi zinavyofanya kazi, kwa maana mtu hawezi kukitawala chombo asichokielewa. Taa zinazotumika siku hizi ni taa ndogo za LED, na kila moja ina chembe yake ya kielektroni yenye kuamrisha rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kwa kuchanganya rangi hizo tatu, kila taa yaweza kutoa rangi yoyote. Taa hufungwa katika mnyororo, moja nyuma ya nyingine. Kidhibiti hutuma amri kupitia waya mmoja. Taa ya kwanza huchukua amri yake, kisha huzipitisha amri zilizobaki kwa taa ya pili, nayo kwa ya tatu, hadi mwisho wa mstari. Ni sawasawa na amri inayopokezwa mtu kwa mtu katika doria ya usiku, ila hapa taa 50 hupata amri zao zote kabla sehemu mbili za elfu ya sekunde hazijatimia.

Ziko njia mbili za kuzifanya taa zifuate muziki. Njia ya kwanza ni ya kusikia: kidhibiti huwa na kinasa sauti kidogo, na taa huongezeka au kupungua kwa kadiri ya sauti inayofika. Njia hii ni nyepesi, nayo inawafaa wanaoanza. Walakini ina upungufu wa kuruta anayetazama mguu wa mwenzake badala ya kusikiliza amri: daima huwa nyuma kidogo, na mlango ukigongwa naye hucheza.

Njia ya pili ni ya kupanga. Hapa mtu hukaa na kompyuta, akausikiliza wimbo mara nyingi, akaweka alama katika kila pigo, kisha akaamua taa ipi iwake, kwa rangi gani na kwa muda gani. Programu iitwayo xLights, ambayo hutolewa bure, ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Wimbo hugawanywa katika picha nyingi fupi, kwa kawaida 20 au 40 kwa kila sekunde. Wimbo wa dakika tatu kwa picha 20 una picha 3,600. Taa 50, kila moja ikiwa na rangi tatu, zahitaji namba 150 katika kila picha, yaani namba 540,000 kwa wimbo mmoja. Programu huziandika namba hizo yenyewe, lakini mpangaji ndiye anayeamua maana yake. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, ambao ndio mwendo wa hatua katika magwaride ya majeshi mengi duniani, hutoa pigo moja kila nusu sekunde, sawa na picha 10. Kwa hiyo aliyewahi kupiga kwata amekwisha kujifunza nusu ya kazi hii.

Nusu ya pili yapatikana katika ngoma zetu. Ngoma ya kifalme ya Burundi, ambayo shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, ina mpango uliokamilika. Inkiranya hukaa katikati na kutoa amri. Amashakwe hushika pigo moja bila kuchoka. Ibishikizo huufuata mwendo unaotolewa na inkiranya. Anayepanga taa zake afuate mpango huo huo. Mstari mmoja wa taa ushike pigo la chini, polepole, kwa rangi moja. Mwingine ufuate sauti ya mwimbaji. Na ziwepo taa chache tu za kutoa ishara wimbo unapogeuka. Kosa la wanaoanza ni kutaka taa zote ziruke wakati wote. Ngoma zote zikiwa inkiranya, hakuna anayejua pa kuchezea.

Je, vifaa vya kuanzia ni vipi? Twashauri mnyororo mmoja wa taa 50 za volti 5, kidhibiti kimoja kidogo cha aina ya ESP32, kigeuzaji kinachotoa umeme wa volti 5, na fyuzi. Asiyevipata dukani huviagiza kupitia mtu anayeaminika. Ndani ya kidhibiti huwekwa programu ya WLED, ambayo nayo hutolewa bure. Kidhibiti hicho huunda mtandao wake mdogo usiotumia waya, hata mtu akaweza kukiamuru kwa simu bila kununua intaneti. Jambo hili ni faida kubwa kwa askari aliye katika kituo cha mbali.

Hapa yatupasa kufanya hesabu, maana hesabu ndiyo inayozuia moto. Taa moja ya aina hii ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote huchukua ampea 0.06. Taa 50 huchukua ampea 3, ambazo kwa volti 5 ni wati 15. Taa 100 ni wati 30. Kigeuzaji kisifanyishwe kazi hadi mwisho wa uwezo wake. Cha ampea 5 kinafaa kwa taa 50, na kwa taa 100 kitafutwe cha ampea 10. Taa zikiwa nyingi katika mstari mmoja, za mwisho hugeuka rangi ya manjano au wekundu hata zikiamriwa kuwa nyeupe. Hiyo ni dalili kwamba umeme umepungua njiani, na dawa yake ni kupeleka waya mwingine wa umeme hadi mwisho wa mstari. Kidhibiti kikae karibu na taa ya kwanza, na waya hasi wa vyombo vyote uunganishwe pamoja; vinginevyo taa zitametameta ovyo, na mwenye nazo atalaumu kifaa kilicho kizima.

Volti 5 hazimwui mtu. Volti 230 za ukutani humwua. Na Noeli kwetu hufika katikati ya majira ya mvua, wakati kuta zimelowa, mabati yanadondosha maji na watoto wanakimbia peku uwanjani. Kwa sababu hiyo kigeuzaji kikae ndani ya nyumba, mahali pakavu, na nje zitoke nyaya za volti 5 tu. Kichwa cha waya kisifungwe kwa mfuko wa plastiki na kuhesabiwa kuwa salama. Waya usipigiliwe kwa misumari juu ya bati. Wakazi wa kandokando ya ziwa wana sababu ya kuzidisha tahadhari: mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia nyumbani mwa watu, Gatumba na Rumonge pia. Mahali ambapo maji yamekwisha kufika mara moja, soketi iliyo karibu na sakafu ni mtego.

Tumefika sasa penye jambo zito kuliko yote, nalo ni asili ya umeme wenyewe. Wananchi wengi wa nchi hii bado hawana umeme nyumbani. Walio nao hupatwa na mgawo, na miaka ya hivi karibuni sote tumeona misururu ya magari penye vituo vya petroli. Katika hali hiyo, nyumba ya askari ikimetameta usiku kucha huku mtaa mzima umo gizani, mwananchi atauliza swali moja tu: umeme huo umetoka wapi? Swali hilo ni la haki, na askari anapaswa kuwa na jibu asiloona haya kulitamka mbele ya watoto wake.

Twasema waziwazi. Jenereta ya kambi si ya kuchezeshea taa za nyumba ya mtu. Petroli ya gari la doria si ya sikukuu. Waya uliopitishwa kwa siri juu ya nguzo, bila kupita katika mita ya REGIDESO, ni wizi, hata kama mwizi amevaa sare; tena sare humzidishia kosa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeapa kuwakamata wengine. Waya wa namna hiyo hudhoofisha umeme wa majirani na kuunguza vyombo vyao, na siku shoti itakapotokea haitachagua nyumba ya aliyeiba. Ni lipi basi litakaloonekana katika taa hizo? Watoto wataona Noeli, lakini jirani ataona dhuluma iliyopambwa kwa rangi.

Kwa bahati njema, njia ya halali si ya mbali. Paneli ndogo ya jua na betri moja yatosha. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240. Betri ya kawaida ya asidi hufaa kutumiwa nusu tu ili isife mapema, yaani wati-saa 120. Taa 50 zikiwaka kwa nguvu zote kwa saa tatu hutumia wati-saa 45, na kwa kweli hazihitaji kuwaka hata kwa theluthi ya nguvu hizo. Kidhibiti, kifaa cha kushusha volti 12 kuwa 5, na redio ndogo ya muziki vyote vitashiba, na kitabaki cha kuchaji simu. Tangu mwaka 2021 taifa letu lina kituo cha umeme wa jua huko Mubuga, karibu na Gitega, chenye uwezo wa megawati 7.5. Lililofanywa na taifa kwa ukubwa, askari aweza kulifanya kwa udogo juu ya paa lake.

Wavuvi wetu wanatufundisha kwa nini udogo hautaharibu uzuri. Mvuvi wa ndagala hutegemea giza. Mwezi ukiwa mpevu hupumzisha mtumbwi, kwa sababu taa yake haiwezi kushindana na mbalamwezi, na samaki hawakusanyiki. Hivyo nguvu ya taa imo katika giza linaloizunguka. Katika mji mkubwa wa Ulaya taa 50 hazionekani. Katika uwanja wa nyumba ya Rumonge, usiku usio na mwezi, taa 50 zikifuata kwaya ya parokia kwa utaratibu zitawatoa watoto wa mtaa mzima nyumbani kwao.

Nao wakija, mwenye taa amejitwika wajibu. Watoto wasisimame katika barabara ya Bujumbura hadi Nyanza-Lac, ambayo magari hupita kwa kasi. Na watazamwe upande wa ndani wa uwanja. Muziki uwe wa kiasi, na saa tatu usiku uishe. Rumonge ni mji wa Wakristo na Waislamu waliozoeana kwa vizazi. Adhana ikisikika, muziki unyamaze, wala hakuna kitu kitakachopungua. Jirani huyo Mwislamu aje siku ya Idi aazime taa hizo hizo, na siku ya arusi, na tarehe 1 Julai tunapokumbuka uhuru wa mwaka 1962. Programu haijui dini. Hubadilishwa wimbo tu.

Kwa wanaopenda kurusha muziki kwa mawimbi ya redio kama Bwana Williams, tunakumbusha kwamba masafa ya redio yana msimamizi, nayo ni ARCT. Asiye na kibali asirushe chochote. Askari wa mawasiliano wanajua vizuri kuliko wengine madhara ya sauti ngeni katika masafa yasiyo yake.

Yako pia mambo ya macho. Taa zisimulike kwa kasi zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Tarehe 16 Desemba 1997, nchini Japani, filamu ya watoto katika televisheni ilionyesha nyekundu na buluu zikipishana kama mara 12 kwa sekunde, na zaidi ya watoto 600 wakapelekwa hospitalini, wengine wakiwa na degedege. Tena tusisahau wenzetu waliorudi vitani. Yupo mtu ambaye mwako wa ghafla gizani humrudisha mahali asipotaka kurudi. Aambiwe mapema siku na saa ya maonyesho, na akiomba yasiwepo, yasiwepo.

Mwisho katika hayo, rangi zina maana. Buluu inayozunguka ni ya gari la polisi. Isiigwe kando ya barabara. Na kwa wanaokaa ufukoni: chombo cha majini hubeba taa nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia, na kwa rangi hizo nahodha hutambua chombo kingine kinaelekea wapi. Mtu akizitundika nyekundu na kijani zenye kuelekea ziwani, karibu na bandari, aweza kumpotosha nahodha anayetoka Kigoma au Baraka kwa usiku. Askari wa majini wawe wa kwanza kulisimamia hili. Nyumba iliyo ufukoni igeuze taa zake upande wa nchi kavu.

Anayetaka kuwa tayari kwa Noeli asianze mwezi Desemba. Aanze Agosti. Mwezi wa kwanza ajifunze kuwasha taa moja kwa rangi tatu. Wa pili aunganishe 50 na kupima umeme wake. Wa tatu achague wimbo mmoja, mmoja tu, aupange pigo kwa pigo. Wa nne aujaribu nje penye mvua, akiwa macho. Awaite watoto wake wakubwa wafanye naye. Kijana wa miaka kumi na mitano aliyejua kupanga wimbo kwa kompyuta, kukokotoa ampea na kulehemu waya amepata mwanzo wa ufundi utakaomlisha. Faida hiyo itabaki Januari, taa zikiwa zimekwisha kurudishwa sandukuni.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka huu taa 50 na wimbo mmoja. Mwaka ujao 100. Lakini iwe 50 au 100, kila waya na upitie njia ya wazi, ili mwananchi apitaye usiku mbele ya nyumba ya askari asiulize umeme umetoka wapi, bali asimame kidogo, asikilize wimbo, kisha aende zake akiwa na moyo mweupe.